Mume wangu anataka nifiche pumu ili tukazamie Mafia

Shikamoo Bi Nahodha,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Iringa mjini. Mwezi wa nne mwakani tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na safari hii tumekubaliana hatufanyi sherehe ya kulisha ukoo mzima. Tumejibana tukaweka akiba, milioni nne na ushee, tuende baharini sisi wawili tu, watoto wabaki kwa bibi yao.

Wazo ni la mume wangu. Rafiki yake wa kazini alikwenda Mafia akarudi na video za papa potwe, na tangu siku hiyo baba watoto hana usingizi. Hataki habari ya kukaa ufukweni. Anataka tuvae mitungi tuzame kabisa. Ratiba ameiandika mwenyewe kwenye daftari: tunashuka Dar kwa basi, tunapanda ndege ndogo kwenda Mafia siku mbili, kisha Unguja siku mbili, tunamalizia Pemba siku mbili kwa sababu amesikia huko ndiko wanakokwenda wazamiaji wa kweli. Siku ya mwisho tunazama asubuhi, mchana ndege mpaka Dar, usiku basi la Iringa, Jumatatu kila mtu kazini kwake.

Sasa shida yangu. Nina pumu tangu shule ya msingi. Siku hizi silazwi tena, lakini inhela haitoki kwenye mkoba, na Juni na Julai baridi ya huku ikikolea kifua hubana. Kituo kimoja cha uzamiaji tulichowaandikia kimetutumia fomu ya afya. Imeuliza wazi kama nimewahi kuwa na pumu. Mume wangu ananiambia, "Andika hapana. Ukiandika ndiyo watataka barua ya daktari, watakuzungusha, mwisho watakukatalia na hela tutakayokuwa tumetanguliza imeliwa." Nilipogoma akanuna. Ananiambia namharibia safari, eti mimi kila jambo natafuta sababu. Na yeye nikimuuliza kuogelea amejifunza wapi, anajibu Ruaha Ndogo, enzi za utoto. Miaka kumi ya ndoa sijapata kumwona ndani ya maji yaliyopita magoti.

Bi Nahodha, sitaki kumvunja moyo, maana mwenzangu si mtu wa kujifurahisha ovyo, kazi tu mwaka mzima. Je, nikiandika hapana kuna ubaya kiasi gani? Na hiyo ratiba inawezekana?

Samahani kwa swali la mwisho, ila nikikuuliza wewe ni afadhali kuliko kumuuliza kijana wa kituoni. Nikiwa kwenye siku zangu naweza kuingia baharini? Shoga yangu anasema papa hunusa damu.

Mama Wawili, Iringa


Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka kumi.

Tuanze na fomu. Usiandike hapana. Najua mumeo anaiona kama zile fomu za kujaza ili karani aridhike, lakini hii anayeihitaji ni wewe mwenyewe, ukiwa mita kumi na kitu chini, mahali ambapo huwezi kusema "subirini kidogo, kifua kimebana."

Watu wengi hudhani mtungi una oksijeni. Mtungi wa kawaida wa kujifunzia una hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa tu, na imekaushwa. Ukivuta ile hewa kavu na ya baridi, huku unapiga mapezi na moyo unakwenda mbio kwa ugeni, kifua chenye pumu kinaweza kuamka. Wewe mwenyewe umesema baridi ya Juni inakubana. Hilo ndilo jambo la kwanza daktari atataka kulisikia.

La pili ndilo zito. Ukishuka mita 10 baharini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Hewa uliyovuta pale ukipanda nayo hadi juu bila kuitoa, inatanuka mara mbili. Ndiyo maana kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mzamiaji, kabla hajajua hata kuvaa mapezi, ni kwamba usizuie pumzi, pumua muda wote. Mtu mzima wa afya anaitii kanuni hiyo na mapafu yanajisawazisha. Mwenye pumu iliyoamka anaweza kuwa anapumua vizuri tu huku sehemu fulani ya pafu njia yake imebana, hewa imenasa humo. Akipanda, ile hewa inatanuka na haina pa kutokea. Pafu linaweza kuchanika, na hewa ikiingia kwenye damu ikafika kwenye ubongo, hayo si mambo ya inhela tena. Na hilo halihitaji kina kirefu. Mita chache zilizo karibu na juu ndizo zenye badiliko kubwa kuliko zote.

Sasa usinielewe kwamba mwenye pumu hazamii. Wako wanaoruhusiwa. Zamani madaktari walikuwa wanakataa moja kwa moja, leo wengi wanapima mtu kwa mtu: mara ya mwisho kubanwa lini, kinachokubana ni nini, mazoezi unayamudu, na mashine ya kupuliza inasemaje. Kwa hiyo nenda kwa daktari wa kifua na ile fomu mkononi, usiende mikono mitupu ukamwambia "naomba barua." Mwambie unataka kuzamia na mtungi, mweleze habari ya Juni na Julai, apime mapafu yako ukiwa umetulia na baada ya kukimbia kidogo. Akisema ndiyo, anasaini, na kituo hakina ugomvi na wewe. Akisema hapana, umeokoa maisha kwa nauli ya daladala na ada ya kumwona daktari.

Kuhusu hela ya kutanguliza, mumeo ana hoja, ila dawa yake si uongo. Kabla hamjalipa chochote, waandikieni kituo: "Daktari akikataa, mnaturudishia au mnahamishia kwenye snokeli?" Yaani kuogelea juu juu na miwani na bomba la kupumulia. Vituo vingi vinavyojiheshimu vina jibu tayari, na mtake jibu hilo kwa maandishi. Atakayewajibu kwa kuwaambia msijali, jazeni hapana kote, huyo mkimbieni. Kama ndivyo anavyotunza karatasi, mitungi yake anaitunzaje?

Na kuna jambo ambalo mumeo hajaambiwa na huyo rafiki yake. Papa potwe wa Mafia haangaliwi na mtungi. Mnakwenda kwa mashua upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, nahodha akimwona mnajitosa na miwani na snokeli, mnaogelea juu juu ubavuni mwake. Mapovu na vyuma vya mitungi havina kazi pale, maana mwenyewe yuko juu anakula. Nimewaona wakisimama wima majini, mdomo wazi kama mlango wa ghala, wanavuta maji yenye vikamba vidogo vidogo. Wengi wa pale bado ni vijana, mita sita, saba. Wana madoa meupe mgongoni na kila mmoja madoa yake, watafiti huwatambua kwa hayo. Kwa hiyo hata daktari akikukatalia mtungi, kile kilichomnyima mumeo usingizi bado mtakiona wote wawili. Inhela iache kwenye mashua, kwenye mfuko usioingia maji, na mwambie kiongozi wenu kabla hamjashuka. Msimguse samaki, msimkatie njia mbele.

Ila Aprili hamtamwona, na hapo ndipo daftari la mumeo linapoanza kuvuja. Msimu wa potwe ni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Aprili ni masika. Mvua inapiga, mito inamwaga tope, na Mafia iko mkabala na delta ya Rufiji, kwa hiyo huhitaji kuambiwa maji yanakuwaje. Hoteli nyingi kule hufunga kabisa Aprili na Mei. Mkienda kipindi hicho mtalala kwenye chumba kizuri mkisikiliza bati. Miaka kumi ya ndoa haiozi. Ile tarehe ya Aprili kuleni wali kuku hapo Iringa, safari isogezeni hadi Oktoba au Novemba mwanzoni, upepo wa kusi umeshatulia na wa kaskazi haujashika. Mkikosa hapo, Februari. Na miezi hiyo ya ziada mna kazi nayo, nitaisema.

Visiwa vitatu kwa siku sita, hapana. Mtatumia nusu ya safari kwenye viwanja vya ndege mkiburuza mabegi. Chagueni kimoja. Pemba ifuteni kwanza. Si kwamba ni mbaya, la hasha, pengine ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, miamba yake inaporomoka kama ukuta, na maji yanakwenda kwa nguvu. Wanaoifurahia ni watu walioshazama mara nyingi, wanaojua kujiweka sawa majini bila kufikiri. Mgeni pale anashuka kuliko alivyokusudia akiwa anatazama samaki. Unguja ina vituo vingi, Nungwi na Kendwa kuna ushindani wa bei, na Mnemba ni pazuri kwa anayeanza, ingawa mwezi wa watalii mashua zinabanana pale. Kama fedha ndiyo kigezo, Unguja inafaa. Kama potwe ndiye kigezo, basi ni Mafia, na kwa barua yako naona kigezo ni potwe.

Mafia ina faida nyingine kwa wanaojifunza, ghuba ya Chole. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995 na ndiyo ya kwanza nchini, imeizunguka. Ndani ya ghuba bahari imekingwa, na mnaweza kuzama hata nje kukichafuka. Kitu cha kuangalia ni maji kujaa na kupwa. Pale Kinasi, mlango wa ghuba, maji yakijaa yanaingia safi kutoka bahari kuu na mnaona mbali. Yakipwa yanatoka na vumbi lote la ghuba, tena yanavuta kuelekea nje. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nguvu yake si ya kuchezea. Kiongozi mzuri hupanga saa ya kuzama kwa kuangalia maji, hapangi kwa saa ya kifungua kinywa. Mkiona mwenye kituo anawaambia "saa tatu kila siku," muulizeni maji yanajaa saa ngapi, mmtazame usoni.

Sasa siku ya mwisho, ambayo ndiyo ilinifanya niisome barua yako mara mbili. Kuzama asubuhi, ndege mchana, basi usiku. Mwambie mumeo hiyo ifutwe kwa kalamu nyekundu.

Ukiwa chini, nitrojeni ya kwenye hewa inaingia mwilini na kuyeyuka kwenye damu na minofu. Ukipanda taratibu inatoka polepole kwa njia ya pumzi, na inaendelea kutoka saa nyingi baada ya wewe kukauka na kula chakula. Ukienda mahali palipoinuka kabla haijaisha, inafanya kama soda iliyofunguliwa, inatoa povu, na povu lenyewe liko kwenye viungo na mishipa yako. Kanuni inayofuatwa duniani ni hii: umezama mara moja tu, zipite saa 12 kabla ya kupanda ndege. Umezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, saa 18 zisipungue. Wengi wetu tunasema 24 ili tusihesabu vidole.

Kila mtu anakumbuka ndege, hakuna anayekumbuka basi. Nyie mnarudi Iringa! Mji wenu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanuni za ndege zimewekwa kwa mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi. Basi likishatoka Ruaha Mbuyuni likaanza kuzunguka kona za Kitonga, mwili wako hauna habari kama umepanda kwa injini ya ndege au ya basi. Mtu wa Dar anaweza kurudi na boti hadi bandari ya Nyamisati, upande wa bara, akalale kwake bila wasiwasi. Mtu wa Iringa, Mbeya au Njombe ahesabu zile saa hadi pale mlima unapoanza. Kwa hiyo panga kuanzia mwisho: kama mnaondoka kisiwani Jumapili, mtungi wa mwisho ni Jumamosi asubuhi. Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi vukeni kwenda kisiwa cha Chole mkatazame popo wakubwa waliojazana mitini, au Juani kwenye magofu ya Kua. Wewe chukua khanga, vijijini kule watu wanasitiri.

Yakitokea maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usioelezeka baada ya kuzama, hata kama mmeshafika nyumbani, msinywe dawa ya maumivu mkalala. Pigeni simu kituoni na mwende hospitali mkaseme wazi kwamba mlikuwa mnazamia. Tiba ya kwanza ni oksijeni halisi, kisha kuingizwa kwenye chemba ya mgandamizo, chumba maalumu kinachorudisha mwili kwenye mgandamizo kama wa chini ya maji. Kabla ya kulipa, ulizeni kituo: oksijeni mnayo kwenye mashua? Chemba mnayoitegemea iko wapi na mgonjwa anafikaje? Na bima zenu ziangalieni, nyingi za kawaida hazigusi uzamiaji.

Baba watoto na Ruaha Ndogo yake. Cheti cha mwanzo, kile cha kuzama hadi mita 18, kinadai aogelee mita 200 bila kusimama, mtindo wowote, kasi yoyote, na aelee dakika 10 bila kushika kitu. Kama kweli alijifunza Ruaha, hatasumbuka. Mpeleke bwawani mwezi huu, kwa utani tu, mwambie unataka kumwona. Akianza kushika ukingo mtakuwa mmejua mapema, na hiyo ndiyo kazi ya ile miezi ya ziada: kuogelea mara mbili kwa wiki, wote wawili. Kupiga mbizi utotoni mtoni kuna ubaya mmoja, kumemfundisha kubana pumzi.

Kozi yenyewe huchukua siku tatu hadi nne. Sehemu ya kusoma mnaweza kuimaliza nyumbani, na mazoezi ya bwawani mkayafanya Dar kabla ya kuvuka, mkabakiza Mafia zile mbizi nne za baharini. Ulizeni mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili, wapo. Jambo unalofundishwa kwa lugha usiyoiota si la kutegemea ukiwa na hofu. Hata alama za mikono zina mtego wake: dole gumba juu, ambalo sisi huku ni "poa," chini ya maji maana yake "napanda." Kuna waliomwambia mwalimu poa, poa, mwalimu akawapandisha juu wakabaki wanashangaa.

Mkiona kozi ni kubwa mno, ipo mbizi ya kuonja, mwalimu anakushika mkono na hamvuki mita 12. Fomu ya afya ni ile ile. Milioni nne kwa visiwa vitatu na kozi mbili mimi siioni. Kwa kisiwa kimoja, mmoja anasoma kozi na mwingine anatembea na snokeli, inaongeleka, hasa mkiacha ndege mkapanda boti ya Nyamisati hadi Kilindoni. Ombeni bei ya wananchi, na muulize kama ndani yake kuna vifaa, mashua, cheti na kiingilio cha hifadhi, maana kiingilio hulipwa kwa siku na hapo ndipo watu hushangazwa.

Kumwambia mumeo, usianze na pumu. Anza na Oktoba. Mwambie, "Bi Nahodha anasema Aprili potwe haonekani," umwone atakavyofuta daftari lote mwenyewe. Akishatulia, kaeni na fomu mbili mezani, kila mmoja ajaze yake mbele ya mwenzake. Huenda na yeye ana presha au sikio ambalo hajapata kulisema.

Na swali lako la mwisho, usione aibu, naulizwa kila msimu. Ingia baharini. Wanawake wanazamia wakiwa kwenye siku zao, wengine ndiyo kazi yao ya kila siku, na hakuna ushahidi kwamba papa huwafuata kwa sababu hiyo. Potwe hata umjaze damu bahari nzima, yeye ana shughuli na vikamba vyake. Tumia unachotumia siku zote, ingawa cha kuvaa ndani ni rahisi zaidi kuliko pedi, na nguo ya kuzamia mara nyingi ni nyeusi. Ila kama safari itafika na siku zenyewe zimechelewa, pima kwanza. Mjamzito hazamii na mtungi hata mita tatu, na hapo itakuwa zamu ya baba watoto kukushikia snokeli.

Bi Nahodha